Namna ya kulivunja neno refu la Kiingereza: silabi kwanza, mkazo baadaye

Haipiti jioni bila simu yangu kuingia ujumbe wa sauti wa namna hii: "Mwalimu, hili neno lasomwaje?" Kisha nasikia mtu anahangaika na neno refu kama treni ya makontena, analikata pasipokatika, mwisho analitupa njiani. Wanaouliza wanafanana: kijana anayetembeza wageni Mji wa Kale hapa Mombasa, binti aliyeitwa mahojiano ya kazi ya mapokezi hotelini, baba anayemsaidia mtoto kazi ya shule ilhali yeye mwenyewe Kiingereza alikiokota bandarini. Nimechoka kujibu neno moja moja. Hii hapa njia nzima, itumie kwa neno lolote utakalokutana nalo.

Shika jambo moja tu kabla ya yote. Kiswahili chetu hakibagui: kila silabi hupewa haki yake, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mo-MBA-sa, Ki-li-NDI-ni, Li-KO-ni. Hatufikirii, ulimi unajua. Maneno yanayokaidi ni machache, kama "baRAbara" ya sawasawa, ambayo haifanani na "baraBAra" ya magari. Sasa chukulia kwamba Kiingereza kimejaa maneno ya aina hiyo ya kwanza. Mkazo waweza kukaa mbele, katikati au mwisho kabisa, na silabi zilizokosa mkazo humezwa. Taabu yetu yote iko hapo.

Utahitaji nini

- Penseli na karatasi. Kalamu ya wino acha, maana utafuta sana.
- Kamusi ya wanafunzi inayoonyesha matamshi. Ya simu ni bora kwa sababu ina alama ya spika ya kubonyeza ukasikia.
- Mpira mwembamba, ule wa kufungia noti.
- Simu ya kujirekodi sauti.
- Mizani. Sisemi zile za kupimia samaki.

Hiyo ya mwisho ndiyo mtaji wako. Kama umewahi kuketi na shairi ukahesabu mizani, nane za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na nane za utao (nusu ya pili), nusu ya kazi umeshaimaliza. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, sikio la kuhesabu mizani halijatoka mbali. Silabi ya Kiingereza ni mizani ile ile: pigo moja la sauti. Tofauti ni kwamba kwetu jicho na sikio hukubaliana, na kwao jicho hudanganya. Neno "strengths" lina herufi tisa na mizani moja tu. Mpe mtu asiyezoea alisome kwa mwendo wa Kiswahili, atakutolea tano au sita.

Hatua ya 1: Lisikilize kabla ya kulikata

Fungua kamusi, bonyeza spika mara tatu, na usiangalie herufi. Fumba macho ikibidi. Piga meza kidole kila unaposikia pigo. Andika idadi uliyoipata pembeni.

Onyo: usianze na herufi. Anayeanza na herufi atasoma "business" kama silabi tatu, bi-zi-nes, na kamusi itamwambia ni mbili, BIZ-nis. Hiyo i ya katikati imeandikwa tu, haisemwi.

Hatua ya 2: Weka nukta chini ya kila irabu inayosikika

Sasa tazama neno. Nitatumia "accommodation", kwa sababu ndilo linaloongoza kwa kuulizwa na watu wa hoteli. Irabu zilizoandikwa ni sita: a, o, o, a, i, o. Lakini "tion" ya mwisho hutamkwa "shn", pigo moja. Basi zimebaki tano: a-com-mo-da-tion.

Mitego ya kuhesabu ni hii:

- E ya mwisho mara nyingi ni bubu. "Certificate" imeandikwa kwa irabu tano, ina silabi nne.
- Irabu mbili zilizokaa pamoja mara nyingi ni sauti moja. Katika "season" kuna silabi mbili. "Portuguese" ina irabu tano kwenye karatasi na silabi tatu mdomoni: por-tu-guese.
- Herufi y ikiwa katikati au mwisho wa neno huwa irabu. Usiiruke.
- Silabi yaweza kusimama bila irabu kusikika. Usishangae, hata sisi "mtu" ni mizani mbili na hiyo m haina irabu. Kwa Kiingereza ni l na n zinazofanya hivyo mwishoni: "table" ni mbili, "button" ni mbili.
- Kiishio cha "-ed" huongeza silabi kikifuata sauti ya t au d peke yake. "Wanted" ni mbili, "walked" ni moja. Anayesema "wok-ed" anaongeza mizani isiyo yake.

Walimu wengi hufundisha mkono chini ya kidevu: kila kidevu kinaposhuka, hesabu moja. Mimi siiamini sana njia hiyo. Kwa maneno mafupi inafaa, lakini "tion" na "ble" hukishusha kidevu kidogo mno na utapungukiwa. Sikio ndilo hakimu.

Hatua ya 3: Kata

Hapa watu hupoteza muda bure, kwa hiyo nitakwenda haraka. Konsonanti moja kati ya irabu mbili, ipeleke mbele: pi-lot. Zikiwa mbili, zigawane: sis-ter. Zile zinazotoa sauti moja, kama sh, ch, th na ph, usizitenganishe. Na zile zinazopenda kwenda pamoja kama tr, bl na pl ziache pamoja.

Ukikosea mahali pa kukata kwa konsonanti moja, hakuna atakayejua ukisema. Ukikosea idadi, kila mtu atajua.

Hatua ya 4: Shika mkia, ndio unaotaja mkazo

Wengi hulishambulia neno refu kutoka kichwani. Geuza. Katika maneno marefu ya Kiingereza, mara nyingi kiishio ndicho kinachoamua mkazo uende wapi. Jifunze makundi haya manne, utakuwa umetengeneza maneno mengi mno.

Kundi la kwanza: mkazo hukaa silabi iliyo kabla tu ya kiishio. Hapa wamo -tion, -sion, -ic, -ical, -ity, -ial, -ious, -ology na -graphy. Basi accommo-DA-tion, immi-GRA-tion, hospi-TA-li-ty, po-LI-ti-cal. Kwa -ology na -graphy mkazo hutua kwenye irabu inayotangulia ile l au ile g: bi-O-lo-gy, ge-O-gra-phy. Angalia mkazo unavyohama kiishio kikibadilika: e-LEC-tric, lakini elec-TRI-ci-ty. Neno ni la ukoo mmoja, ila nguvu imeshahamia chumba kingine.

Kundi la pili: kiishio chenyewe huchukua mkazo. -ee, -eer, -ese. Refu-GEE, engi-NEER, volun-TEER, Portu-GUESE.

Kundi la tatu: vitenzi vya -ate vyenye silabi tatu au zaidi. Hesabu ya tatu kutoka mwisho: CE-le-brate, com-MU-ni-cate, ne-GO-ti-ate.

Kundi la nne ndilo linalotuponza sisi watu wa pwani, na bara pia. Viishio hivi havisogezi chochote: -ment, -er, -or, -ly, -ness, -ful, -able, -ing. Mkazo unabaki ulipokuwa kwenye neno mama. De-VE-lop, kwa hiyo de-VE-lop-ment. MA-nage, kwa hiyo MA-na-ger na MA-nage-ment. GO-vern, kwa hiyo GO-vern-ment. Sikiliza redio siku moja uhesabu mara ngapi utasikia "deveLOPment" na "maNAger". Hiyo ni sheria yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, imevuka bahari bila pasi.

Wakaidi wapo. "Television" kwa kawaida hukazwa mwanzoni, TE-le-vi-sion, japo mkia wake ni -sion. "Committee" ina -ee lakini ni com-MIT-tee. Na wewe wa madrasa usikasirike: "Arabic" ni A-ra-bic, mkazo mbele, japo -ic ilitaka uende katikati. Wakaidi huhifadhiwa kichwani mmoja mmoja, hakuna njia nyingine.

Sasa neno moja zima kwa hatua hizi, tuone. "Refrigerator". Irabu zinazosikika: tano. Re-fri-ge-ra-tor. Mkia ni -or, ambao hausogezi kitu, basi uondoe. Limebaki "refrigerate", kitenzi cha -ate. Ya tatu kutoka mwisho: re-FRI-ge-rate. Rudisha mkia: re-FRI-ge-ra-tor. Hukuhitaji kumuuliza mtu.

Hatua ya 5: Thibitisha kwenye kamusi

Matamshi huandikwa kati ya mistari miwili ya mshazari. Humo utaona kialama kidogo cha wima kilicho juu, ˈ. Hicho ndicho mkazo mkuu. Kilicho chini, ˌ, ni mkazo mdogo. "Accommodation" ina vyote: mdogo kwenye "com", mkuu kwenye "da".

Makosa mawili hutokea hapa kila wiki.

La kwanza, kudhani kialama kinafuata silabi yenye mkazo. Kwa kamusi zinazotumia alama hizi, hutangulia. Kinachokuja baada yake ndicho chenye nguvu.

La pili, kuchukua nukta zilizo ndani ya neno lenyewe, lile lililoandikwa kwa wino mzito, ukadhani ni silabi za kusema. Kamusi nyingi za Marekani huziweka kuonyesha mahali pa kulikata neno linapofika mwisho wa mstari wa maandishi. Mara nyingi hukubaliana na matamshi, mara nyingine hapana. Mwamuzi ni yale yaliyo kati ya mistari ya mshazari.

Hatua ya 6: Zimeze silabi zilizobaki

Wengi hufika hatua ya tano wakafunga daftari. Ndiyo maana bado hawaeleweki.

Nilipokuwa kijana nikitembeza wageni, nilisimama mbele ya mlango mmoja wa kuchonga Mji wa Kale nikamsifia mama mmoja "architecture" ya mji wetu. Nilisema ar-chi-TEC-cha, kila silabi nikaipa haki yake kama anayesoma utenzi. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akamgeukia mumewe akamuuliza nimesema nini. Herufi zote nilizitaja, hata moja sikuidhulumu. Ndilo lililoniponza. Neno ni A-ki-tek-chə: nguvu mbele, ch ya kwanza ni k, na mkia unaanguka wenyewe.

Hiyo ə, e iliyopinduliwa, utaiona kila mahali kwenye kamusi. Ni irabu hafifu, kama "a" ya mtu anayesinzia. Mdomo haufunguki, midomo haiviringiki, ulimi umelala. Irabu yoyote ya Kiingereza ikikosa mkazo yaweza kugeuka hiyo. Tazama ukoo huu:

- "photograph": FOU-tə-graf
- "photographer": fə-TO-grə-fə
- "photographic": fou-tə-GRA-fik

O ile ile iliyokuwa mfalme kwenye neno la kwanza imekuwa ə kwenye la pili. Ukizitamka o zote sawasawa, Mwingereza anasubiri asikie ipi ni kubwa, haisikii, neno linampita.

Sasa toa ule mpira wa noti. Ushike kwa vidole gumba viwili. Kila silabi hafifu, uache umelegea. Ukifika yenye mkazo, uvute. Utaona sauti yako yenyewe inarefuka pamoja na mpira, inapanda, na irabu inakuwa safi. Mkazo ni vitu hivyo: urefu, kupanda kwa sauti, uwazi wa irabu. Kupiga kelele si mkazo. Nimeona watu wanafoka "accommoDEISHN" kama wanaita matatu Buxton, na bado zile nyingine hawakuzimeza.

Ukitaka siri, basi ni hii: usifanye bidii kuikuza silabi kubwa, fanya bidii kuzipunguza ndogo.

Hatua ya 7: Lijenge kutoka nyuma

Neno likikukwama, lianzie mkiani:

shn
DEI-shn
mə-DEI-shn
ko-mə-DEI-shn
ə-ko-mə-DEI-shn

Kila mara unaelekea mahali unapopajua, kwa hivyo pumzi haikatiki. Ukianzia mbele, utafika katikati umechoka na mkazo umeusahau. Rudia mara tano, polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida. Jirekodi mara ya tano tu, zile za mwanzo hazina faida kusikiliza.

Hatua ya 8: Litie kwenye sentensi yako ya kazi

Neno la peke yake halikai. Kama unatembeza wageni Fort Jesus, tumia hii: "The Portuguese began this fortification in 1593." Ipitie: portu-GUESE, fortifi-CA-tion, na mwaka unasomwa fif-TEEN ninety-THREE.

Hapo kwenye mwaka simama kidogo. Kumi na tano ni fif-TEEN, hamsini ni FIF-ty. Kumi na tatu ni thir-TEEN, thelathini ni THIR-ty. Mgeni hasikilizi n ya mwisho, anasikiliza mkazo. Ukimtajia bei ya kinyago na mkazo umeuweka mbele, utadhani umesema 15 na yeye amesikia 50, kisha mnaanza kuangaliana vibaya. Hili ni neno fupi, sikupaswa kulitia kwenye mwongozo wa maneno marefu, ila limewagharimu watu pesa.

Ukikwama

Nimehesabu nne, kamusi inasema tatu. Huenda neno limemezwa mpaka silabi ikapotea. "Vegetable" ni VEJ-tə-bl, tatu. "Comfortable" kwa wengi ni KAMF-tə-bl, tatu. "Chocolate" ni CHOK-lət, mbili. Fuata kamusi, usibishane nayo.

Kamusi mbili zinanipa mkazo tofauti. Angalia moja ni ya Uingereza na nyingine ya Marekani. "Laboratory" Uingereza ni lə-BO-rə-tri, Marekani huanza na LA. "Advertisement" Uingereza ni ad-VER-tise-ment, Marekani wengi husema adver-TISE-ment. Shule zetu hufuata Uingereza. Chagua moja, usichanganye katika mazungumzo yale yale.

Kamusi hiyo hiyo moja inanipa mikazo miwili. Tazama kama imeandika nomino na kitenzi. RE-cord ni rekodi, re-CORD ni kurekodi. EX-port ni bidhaa iendayo nje, ex-PORT ni kuipeleka. Mfanyakazi wa bandari, hili lakuhusu.

Nimeweka mkazo sawa na bado sieleweki. Jirekodi usikilize mwisho wa neno. Je, umebandika irabu? "Hotel" ikawa "hoteli", "desk" ikawa "deski"? Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, na ukiiongeza, mizani zote zinasogea, mkazo nao unaonekana umehama. Funga mdomo kwenye konsonanti ya mwisho, ishia hapo.

Neno halina mkia ninaoujua. Basi hakuna kanuni ya kukusaidia. "Character" ni KA-rək-tə, "calendar" ni KA-lən-də, "industry" ni IN-dəs-tri. Yote matatu mkazo uko mbele, na yote matatu huku kwetu husikika yamekazwa katikati. Kwa maneno kama haya nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Na kabla hujanitumia ujumbe, jaribu haya kwa penseli: "responsibility", "archaeological", "opportunity", "manufacturer", "characteristic". La pili lina silabi sita, na ch yake ni k. La nne limefichwa kwenye kundi la nne, na neno mama ni "manufacture", manu-FAC-ture.